Kwota Tatu Ndio Mzinga Moja

Furahiday, saa kumi na mbili jioni, stendi ya mats pale Umoja. Nganya zinashusha wasee wa job, mathe wa mahindi choma anapepea makaa, na kwa dirisha la wines, lile la grili, laini imefika hadi kwa fundi wa viatu. Mimi niko nyuma, naskiza tu. Msee wa kwanza anapenyeza doo kwa kale kashimo: "Kwota ya KC." Anapewa. Wa pili ako na mabeshte wawili, wamechanga: "Mzinga ya Chrome." Anapewa. Wa tatu ni buda wa mjengo, vumbi ya simiti bado iko kwa viatu: "Tusker ya mkebe, baridi." Anapewa. Dakika moja, wasee watatu, na hakuna mtu ametaja mililita.

Hapo ndio nilishtukia hii kitu inafaa kubongewa vizuri. Tuko na lugha nzima ya vipimo vya keroro, na hakuna shule ilitufunza. Imetoka kwa kaunta, kwa base, kwa ma-cousin wakubwa wakitutuma. Kila mtaa inaongeza yake. Nimekaa na hayo majina wiki kadhaa, nikauliza wasee wa kaunta, nikacheki lebo moja moja, nikapiga hesabu kwa kikaratasi. Nimegundua vitu viwili. Moja, hii lugha ni tamu na iko na mizizi mirefu kuliko venye tunadhani. Mbili, hayo majina matamu yanaficha namba, na hiyo namba ndio inaamua kesho yako asubuhi.

Mtaa hubatiza kila kitu

Kwanza tuelewane: Kanairo haijawahi kuita kitu jina la serikali. Cheki tu ganji. Ishirini ni mbao. Hamsini ni finje. Mia ni soo. Mia mbili ni rwabe. Elfu ni ngiri ama thao. Noti ya mia tano wazazi wetu waliipa jina Jirongo, juu ya Cyrus Jirongo, yule alikuwa anaongoza vijana wa KANU, YK'92, wakati wa uchaguzi wa 1992. Noti zilikuwa zinamwagwa, mtaa ikaangalia nani anamwaga, ikaandika jina lake juu ya pesa. Uchaguzi uliisha, jina likabaki.

Chupa nazo zilibatizwa hivyo hivyo. Jina linatoka kwa umbo, kwa bei, kwa picha ya lebo, ama kwa kitu kinatokea kwa news wiki hiyo. White Cap iko na mlima wa theluji kwa lebo, lakini mtaani ni bia ya wazee, na ukiitisha moja ukiwa na miaka ishirini na tatu, weita anaweza kuangalia nyuma yako akitafuta buda wako. Jameson ni Jemo. Gilbey's ni Gilbe. Viceroy ni Vice. Kenya Cane ni KC, na ukisema jina lote refu watu wanajua wewe si wa hapa.

Nusu lita: bia ya kawaida

Ukikaa baa yoyote ya Eastlando useme "niletee bia moja" bila kuongeza kitu, unaletewa chupa ya kahawia ya nusu lita. Hiyo ndio kipimo mama. Vingine vyote tunavipima nayo.

Stori yake ilianza 1922, wakati ndugu wawili Wazungu, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries hapa Ruaraka. Mwaka uliofuata George aliuliwa na ndovu akiwa kwa uwindaji, na bia ikapewa jina la mnyama mwenye pembe: Tusker. Ndio maana ile lebo ya njano na nyeusi iko na kichwa ya ndovu hadi leo. Na si sisi pekee tunaweka wanyama kwa chupa. Pilsner yetu iko na simba. Tanzania wako na Ndovu. Lubumbashi kule Congo wanapika Simba na wanapika Tembo. Mtu anaweza kutoka Nairobi hadi Katanga akiitisha mbuga nzima.

Rangi ya chupa pia iko na sababu. Mwangaza ukipiga bia, unaharibu ile dawa ya hops inayoleta uchungu, na bia inaanza kunuka vibaya. Kioo cha kahawia kinazuia huo mwangaza kuliko kijani, na kijani kinazuia kuliko kioo cheupe. Kwa hivyo msee wa duka akianika kreti kwa jua siku nzima, anakuharibia kinywaji kabla ufungue.

Halafu kuna swali ambalo mgeni akiliskia anachanganyikiwa: "Baridi ama moto?" Moto hapa hakuna aliyechemsha kitu. Ni chupa ambayo haijaingia friji, imekaa kwa kreti nyuma ya kaunta. Wazee wengi wanaitisha moto, wanaimwaga pole pole kwa glasi iliyoinamishwa, wanaongea siasa masaa mawili na chupa moja. Nikiwa mdogo nilikuwa naona hiyo ni ushamba. Siku hizi naona walikuwa na akili: kinywaji cha moto hakikimbii.

Chini ya nusu lita ndio kuna zile ndogo. Guinness iko na kubwa na ndogo, na ukiitisha lazima useme, la sivyo weita anarudi kuuliza. Kuna zile za 330: Tusker Malt, Tusker Lite, na zile za nje za chupa ya kijani. Hapa kipimo kinageuka kuwa luku. Kileleshwa na Westi, msee anashika ka-330 na vidole viwili juu anataka waone ameshika nini. Kayole chupa ndogo inaulizwa maswali: "Hii ni ya kunywa ama ya kuonja?" Hawa wote wako sawa. Mmoja ananunua picha, mwingine ananunua ujazo, na kila mtu anajua doo yake inatoka wapi.

Mkebe ulikuja na uhuru wake. Chupa ya bia ni ya kurudishwa. Ukitaka kutoka nayo, unaacha deposit ama unakuja na tupu yako. Mkebe hauna hiyo kesi. Unaingia kwa bag, unapanda gari ya shags Desemba, unafunguliwa kando ya mbuzi inachomwa. Ule mlio wa kufungua mkebe mabinamu wanaujua kutoka nyuma ya boma. Na ukishaisha, usiutupe kwa mtaro. Kuna msee anapita na gunia akiokota mikebe ya kuuza kwa skrapu, na hiyo ndio unga ya watoto wake.

Kegi, magi na Obama

Sasa tushuke kwa kegi, juu hapo ndio moyo wa mtaa uko. Mabenchi ya mbao, TV moja imefungwa kwa waya isiibiwe, mechi inaendelea, wasee wa mjengo na wa boda wamebebana mabega. Kwa kaunta kuna pampu, chini yake pipa la chuma, na kipimo ni magi. Kuna ndogo ya 300 na kubwa ya 500. Haina lebo na haina kifuniko. Mkono wa msee wa kaunta ndio unaamua povu ni ngapi na bia ni ngapi, na ndio maana kila base iko na msee mmoja anapendwa kuliko wengine. Povu likizidi, wateja wanasonga base ingine bila hata kugombana.

Bia ya hapo ni Senator, na ililetwa 2004 kwa sababu maalum. Watu walikuwa wanakufa na pombe ya vichochoro, kwa hivyo gava ikakubali kuachilia ushuru ili msee wa kibarua apate bia safi kwa bei yake. Baadaye ikapikwa na mtama wa hapa nyumbani, na wakulima wakapata soko. Mwaka huo huo wa 2004, msee anaitwa Barack Obama, mtoto wa buda wa Kogelo kule Siaya, akachaguliwa seneta Marekani. Mtaa haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Seneta ni seneta. Watu wakaanza kuingia baa wakisema "Nipee Obama moja," na weita anajaza magi bila kuuliza. Msee akaenda White House miaka minane, akarudi kwake, na jina lake bado lilikuwa linaitishwa kwa kaunta za Kisumu na Dandora.

Hiyo kegi pia imetufunza kitu kuhusu bei. 2013 gava ilipunguza ule msamaha wa ushuru hadi nusu, magi ikapanda, na mauzo yakaanguka vibaya sana. Wale wasee hawakuacha kunywa. Wengi walirudi kwa chang'aa. 2015 msamaha ukarudishwa hadi asilimia 90, na 2019 kiwanda kikafunguliwa Kisumu cha kupika hiyo Senator. Shilingi chache kwa kipimo cha mnyonge zinaweza kumsukuma kwa sumu. Hiyo ni kitu kila mtu anapanga bajeti anafaa kukumbuka.

Mzinga: neno lenye umri kuliko chupa

Mzinga ni chupa ya 750. Umoja, Githurai, Nakuru, Mombasa, hata Dar, ukisema mzinga unaeleweka. Lakini hebu tulifungue hilo neno, juu ni zito.

Kiswahili cha zamani, mzinga ni gogo limetobolewa katikati likawa nyumba ya nyuki. Wakamba na watu wa Baringo bado wanaitundika kwa miti. Baadaye neno likapewa mdomo wa chuma: mzinga wa vita, ule unarusha risasi kubwa. Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga Mombasa kati ya 1593 na 1596, ilijengwa kwa ajili ya mizinga, na bado unaipata pale imeelekezwa baharini. Hadi leo rais akizikwa, redio inatangaza mizinga ya heshima. Kisha mtaa nayo ikachukua neno mara mbili. Moja ni chupa kubwa. Ingine ni kuomba pesa: msee akikupiga mzinga, amekukopa bila onyo, na ukiangalia vizuri umeshatoa soo.

Kitu kimoja kinaunganisha mzinga wa nyuki, wa vita na wa chupa: umbo refu, tundu katikati, na kitu cha nguvu ndani. Asali iko ndani ya mzinga wa nyuki, na hiyo asali ndio wazee wa Mlima Kenya walikuwa wanapikia muratina, wakiichachisha na lile tunda refu la mti wa mratina, na kuinywa kwa pembe ya ng'ombe. Kwa hivyo kinywaji na mzinga walijuana kabla ya chupa kufika. Si tulirudisha tu neno kwa kazi yake.

Na venye mzinga unanyweka inafanana na zile za zamani. Ni chupa ya kuchanga. Kule Western, busaa ilikuwa inawekwa kwa chungu kimoja katikati, wazee wanakizunguka na mirija mirefu. Pwani, Mijikenda mtu akiwa na jambo na wazee anapeleka kadzama ya mnazi, na mazungumzo yanaanza hapo. Hakuna mtu alikuwa anajificha na chungu yake peke yake. Mzinga ukiletwa kwa keja siku ya bash, unakaa katikati ya meza, kifuniko kinakuwa kikombe, na kila msee anangoja zamu yake. Hiyo heshima ya kuzunguka ni ya zamani. Tuishike.

Kwota ambayo haiko robo

Sasa tufike kwa ile kitu ilinifanya nitoe kalamu.

Ukimwambia mtu kwota, anafikiria robo. Na mzinga ndio chupa nzima, si ndio? Basi kwota nne zifanye mzinga moja. Hapana. Kwota ni 250. Mzinga ni 750. Kwota tatu zinajaza mzinga, na hakuna tone linabaki. Kwa hivyo kwota ni theluthi ya mzinga, na wengi wetu tumekuwa tukiiita robo miaka yote.

Jina lilitoka wapi basi? Uliza bucha. Nyama kwota ni robo kilo. Sukari kwota, robo kilo. Neno lilizoeleka dukani kitambo, likabebwa hadi kwa wines: robo lita, 250 mililita. Kwota inahesabu lita, mzinga inahesabu chupa. Halafu katikati yao kuna nusu, ambayo mara nyingi ni 350. Nusu ya lita ingekuwa 500. Nusu ya mzinga ingekuwa 375. Hii 350 haiko nusu ya lita wala ya mzinga. Ni jina tu tumeipa juu iko katikati, na tumeridhika.

Hii ni kitu ya kwanza unafaa kubeba ukienda: majina ya mtaa ni ya kuelewana, hayajaapa kuwa hesabu. Ukitaka kujua doo yako inanunua nini, gawanya bei na mililita. Bei ya kwota zidisha mara tatu, uweke kando ya bei ya mzinga ya kinywaji hicho hicho. Mara nyingi utaona ule msee wa kwota, mwenye hana ganji ya kutosha, ndio analipa zaidi kwa kila tone. Hiyo ndio kadogo economy. Sukari ya kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, unga ya kupimiwa, na keroro pia. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa kipimo cha nafaka, vinne vikifanya pishi moja. Walijua kuhesabu hadi vijaze. Si tunanunua haba kila siku, na kibaba kinajaa kwa mwenye duka.

Majina yaliyozika watu

Kuna majina mengine nayataja kwa heshima, juu yameacha makaburi.

Kumi Kumi ilikuwa pombe ya vichochoro ambayo jina lake lilikuwa bei yake: ashu, shilingi kumi. Novemba 2000, mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 kwa siku chache. Wengine walipona lakini hawakuona tena. Jina lilikuwa linachekesha, linaimbika, na bei ilikuwa ya kila mtu. Ndio maana nasema jina linaweza kuficha.

Dar walikuwa na kiroba. Kwa Kiswahili cha kawaida kiroba ni gunia ndogo, na hizo zilikuwa pakiti za plastiki za pombe kali, zinatoshea mfuko wa shati la shule. Dereva wa boda angeweza kunywa tatu akingoja abiria. Tanzania ilizipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Kenya ilikuwa imeshakataza pombe ya sachet kwa ile sheria ya 2010, ambayo mtaa iliipa jina la mbunge aliyeileta, John Mututho. "Sheria ya Mututho" ndio ilileta zile saa za baa kufungua. Uganda nao wakafuata kwa sachet 2019. Nchi tatu ziliona kitu kimoja: kipimo kikiwa kidogo kupita kiasi, kinaingia mahali hakifai, na kinaingia kwa mikono ya watoto.

Ukivuka boda, uliza kwanza

Lugha ya chupa inabadilika ukivuka. Dar mkebe ni kopo, na kulewa ni kupiga mitungi. Hapo utaelewana na watu haraka.

Lakini Bujumbura ni lazima uchanuke. Primus ya Burundi inakuja kwa chupa ya 72 sentilita, na Amstel yao ni 65. Msee wa Nairobi anaketi, anajiambia "leo ni bia mbili tu, kesho niko na job," na anaweka neno lake. Hizo mbili za Primus ni karibu lita moja na nusu, ujazo wa Tusker tatu. Na juu Primus iko asilimia 5, kwa nguvu zinakaribia Tusker tatu na nusu. Alihesabu chupa. Mwili ulihesabu pombe. Neno "bia moja" lilivuka boda likanenepa, na yeye hakuambiwa.

Hesabu ya mtaa

Sasa toa kikaratasi, tufanye pamoja. Ni rahisi: mililita mara asilimia, ugawanye na 100.

Tusker ya 500 iko asilimia 4.2. Hapo ndani kuna mililita 21 za pombe tupu. Hiyo iwe kijiko chetu cha kupimia.

Ka-330 ka asilimia 5: mililita 16 na nusu. Ni kadogo, lakini hakako mbali na Tusker.

Mkebe wa nusu lita wa zile bia kali za nje, asilimia 10: mililita 50. Hiyo ni Tusker mbili na zaidi kwa mkebe moja, na kwa mkono inaonekana ni bia kama ingine.

Kwota ya kitu ya asilimia 40: mililita 100. Hiyo ni karibu Tusker tano. Soma tena. Ile chupa inaingia mfuko wa nyuma wa jeans, msee anaimaliza akingoja mat, ni meza ya bia tano.

Nusu ya 350: mililita 140, karibu Tusker saba.

Mzinga: mililita 300. Tusker kumi na nne na kidogo. Wasee watatu wakiuzunguka, kila mmoja amekunywa karibu tano. Msee mmoja akiumaliza peke yake, hiyo sherehe imeshageuka kuwa kesi ya hospitali.

Na sasa weka saa. Ini ya mtu mzima inasafisha takriban gramu 8 za pombe kwa saa moja, wengine chini ya hapo, wengine juu. Tusker moja iko na gramu kama 17, kwa hivyo ni masaa mawili hivi. Kwota moja iko na gramu karibu 79, na hiyo ni kama masaa kumi. Ukimaliza kwota saa sita usiku, saa mbili asubuhi bado iko ndani. Kahawa haiitoi. Kuoga maji baridi hakuitoi. Supu haiitoi. Hiyo "kutoa lock" asubuhi na chupa ingine inaongeza tu deni. Kama wewe ni wa boda ama wa mat, na unaanza kubeba watu saa kumi na moja alfajiri, hiyo hesabu ni ya maisha ya watu wamekaa nyuma yako. Alkoblo, ile mashine ya kupima pumzi barabarani, haijui kwota, haijui mzinga, haijui Obama. Inasoma pombe tu.

Kitu naomba

Naipenda hii lugha. Napenda venye msee anaweza kutoka Kisumu aingie base ya Kayole, aseme neno moja, na aeleweke. Napenda venye neno la nyuki na la Fort Jesus liko hai mdomoni mwa mtoto wa Umoja ambaye hajawahi kuona bahari. Sheng ikikufa kwa kaunta, imekufa kweli, kwa hivyo tuendelee kuibonga na tuendelee kubatiza.

Lakini tuifanyie kazi moja zaidi. Ukimfunza mdogo wako jina, mfunze na namba yake. Kwota, 250, bia tano. Mzinga, 750, bia kumi na nne. Awe ameshafika 18 kwanza, na kama hajafika, mwambie ukweli na umnunulie soda. Cheki stika ya ushuru ya KRA kwa kifuniko. Ile app ya Soma Label inakuonyesha kama ni halali. Chupa haina stika, iache hapo hapo hata kama bei inakuita. Wale wa Novemba 2000 pia waliitwa na bei. Ukichanga mzinga, hesabu vichwa kabla ya kufungua, na mkishaanza, msimngoje mtu azime ndio mjue amezidi. Dem akisema imetosha, imetosha. Msee akisema leo ni maji tu, mpe maji na usimuulize kwa nini.

Na wewe mwenye utasimama kwa dirisha la grili Furahiday hii, itisha kwa jina la mtaa kama kawaida. Ukishapewa, kabla ya kufungua, geuza chupa usome namba mbili, mililita na asilimia. Zizidishe, ugawanye na 100, kisha ugawanye na 21. Jibu utapata ndio idadi ya bia umeshika mkononi.